Mini ya Shule

Andika hivi. Baba yangu alikuwa Kamau, aliyezaliwa Gatanga. Mama yangu alikuwa Wanjiku, aliyezaliwa Kandara. Nami, Njeri, nilizaliwa Ngoliba, katika nyumba ya udongo iliyobomoka kabla wewe hujazaliwa. Hakuna kati yetu watatu aliyewahi kukalia dawati. Ukoo unaishia hapo, na usiniongezee mapambo. Sikukuita uandike kwa sababu ya ukoo, bali kwa sababu ya mazishi ya Jumamosi iliyopita kule Juja, ambako ulinishika mkono ukidhani nalia.

Sikuwa nalia. Nilikuwa nimesikia neno. Yule mwanamume mwenye tai ya buluu, aliyesoma wasifu wa marehemu, alisema kwamba Mwalimu Karanja aliikuta shule yetu ikiwa mkiani, naye akaiinua mini yake kwa mwaka mmoja tu. Watu wakapiga makofi kando ya jeneza, hata mchungaji. Mimi sikupiga. Na sasa, mjukuu wangu, unaniambia, “Shosho, hilo neno haliandikwi hivyo.” Liandike kama nilivyolisikia, kwa kuwa kusikia kwangu ndiko kulikoleta yote nitakayokueleza. Leo najua, maana umenifafanulia mara mbili, kwamba ni neno la Kiingereza la wastani: alama za watahiniwa wote hujumlishwa, zikagawanywa kwa idadi yao, na kinachotoka ndicho cheo cha shule. Mtoto aliye chini huivuta chini. Asipokuwepo hupanda yenyewe, bila yeyote kufundishwa neno moja zaidi. Lakini mwaka huo mini niliyoijua ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa sketi fupi.

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu. Watu husema mtu hukua akiwa kijana. Mimi nilikua mwaka huo, mvi za kwanza zikiwa tayari chini ya kitambaa. Nilikuwa mpishi wa shule ya sekondari ya kutwa, upande wa Ruiru, nyuma ya mashamba ya kahawa ambayo leo yamekuwa maghorofa ya kupanga. Jiko lilikuwa la mabati, limeegemea ukuta wa chumba kilichokuwa stoo ya majembe, na ndani ya stoo hiyo walitiwa wanafunzi tisa wa kidato cha nne walioitwa darasa la nyuma. Wengine wote walikaa darasa la mbele, karibu na ofisi, lenye vioo madirishani. Mama yako Wambui alikuwa wa nyuma. Sikusoma, lakini masikio yangu hayakuhitaji cheti. Nikiwa nimeinamia sufuria ya githeri niliijua ratiba yote. Upande wa mbele ilisikika sauti ya mwalimu, kisha chaki, kisha watoto wakiitikia. Upande wa nyuma ilikuwa kimya, kicheko, kisha kimya tena. Mwalimu wa hesabu alikuwa huyo huyo Karanja, ambaye pia alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Kila kipindi cha darasa la nyuma alipita dirishani kwangu, akachukua kikombe cha chai, akarudi mbele. Siku moja nilimuuliza, “Mwalimu, hawa wa nyuma leo hawana hesabu?” Akacheka kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mkali, na ukali wake ungenisaidia. “Mama Wambui,” akasema, “hao ni wa kusindikiza wenzao. Wewe pika.”

Nikapika. Nitakuambia kwa nini mama yako alikuwa nyuma, ili usije ukamdhania mjinga. Kila asubuhi, kabla ya shule, alikuwa ameshateka maji mtoni mara mbili na kuwapeleka wajomba zako shule ya msingi. Alifika akiwa na matope hadi magotini, akasimamishwa langoni pamoja na wachelewaji, na somo la kwanza likampita akiwa amepiga magoti kwenye kokoto. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja kwa watoto saba, na zamu yake ilikuwa Alhamisi. Jioni hiyo sikumtuma maji. Alikilaza kitabu kwenye gunia la mahindi, akakisoma huku midomo ikicheza, nami nilitembea kwa vidole vya miguu ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mtu aliye kanisani. Sikumwambia kwamba nilifanya hivyo. Sikuwa mtu wa kueleza mambo.

Sasa uandike kuhusu chai. Saa nne kamili nilipeleka birika kwenye chumba cha walimu, chumba chenye meza ndefu iliyojaa madaftari yasiyosahihishwa. Walimu hunyamaza mbele ya mzazi, lakini hawanyamazi mbele ya birika. Ilikuwa mwezi wa pili, na walikuwa wakibishana kwa Kiingereza na Kiswahili, wakivichanganya kama mahindi na maharagwe. “Mini ya mwaka jana ilikuwa aibu,” akasema mwalimu wa jiografia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. “Hata shule jirani walitucheka.” Karanja akaitikia, “Na mwaka huu, huyo Wambui wa jikoni ndiye atakayeishusha. Yeye na wenzake wa nyuma.” Wakacheka. Mmoja akakohoa na kunitupia jicho, naye Karanja akasema, “Huyu hasikii hayo.”

Nilisikia. Nilisikia kwamba sketi fupi za wasichana zilikuwa zimeiaibisha shule, na kwamba katika watoto wote, binti yangu ndiye atakayezishusha, atakuwa mfano. Nilimwongeza Karanja sukari bila kuombwa. Nilirudi jikoni nimejaa fahari, na jioni nyumbani, jua likiwa bado juu, nilimvua Wambui sketi yake ya shule. Ilikuwa ya mtumba, nayo ilianza kumwacha magoti kwa vile alikuwa akirefuka. Nililifumua pindo lote kwa ncha ya kisu, nikalishusha kwa upana wa vidole vinne, nikalishona upya kwa uzi mweusi uliokunjwa mara mbili. Palipokuwa na pindo la zamani pakabaki mstari, juu yake rangi iliyopauka, chini yake buluu iliyokolea kama ya dukani.

“Mama, kwani nimefanya nini?” akauliza.

“Vaa,” nikamwambia.

Kesho yake niliwasikia kupitia mabati. “Haiya, Wambui! Umeokoka lini?” Na msichana mwingine, “Sista Wambui, tuombee hesabu, mwalimu ameenda chai!” Wakaangua kicheko, na mimi, mwiko mkononi, nikacheka pamoja nao.

Haikupita wiki, nikaitwa ofisini. Nilinawa mikono mara mbili kwa sababu ilikuwa na maharagwe, nikaifuta kwa leso. Karani alikuwapo, msichana mwenye kucha za rangi, na Karanja alikuwa amesimama na karatasi iliyopigwa chapa. “Mama Wambui,” akasema, “ni mambo ya mtihani ya msichana. Weka kidole hapa.” Huo haukuwa uongo. Nimeyarudia maneno hayo miaka yote hii nikiutafuta uongo ndani yake, nikaukosa. Karani akafungua kile kibati cha wino wa zambarau. Hapo ndipo ulimi wangu ulipotaka kusema: ngoja nimwite Wambui anisomee. Darasa la nyuma halikuwa mbali na pale. Lakini yule karani alikuwa akiiangalia mikono yangu, kwenye nyufa zenye masizi yasiyotoka, nami nikaona haya kwamba mtoto aitwe darasani kumsomea mama yake. Nilikibonyeza kidole kwa nguvu, nikakizungusha, ili alama isije ikakosa kuonekana. “Asante,” Karanja akasema. “Wewe ni mzazi mwelewa.” Siku nzima sikuuosha wino ule. Niliukanda unga wa chapati kwa ngumi, gumba likiwa limesimama juu kama la mtu anayeomba gari limbebe.

Muhula ulipokaribia kufungwa, mama yako aliingia jikoni saa ambayo si ya chakula. Nilikuwa nikichambua maharagwe na Mama Chege, jirani yetu aliyenisaidia kazi. Wambui alisimama mlangoni na ile sketi yake ndefu, mkono mmoja umeshika bati.

“Mama, majina ya watahiniwa yamebandikwa. Langu halipo.”

“Wamesahau,” nikasema. “Nenda ukawakumbushe.”

“Nimetoka huko. Mwalimu amenionyesha barua. Inasema mzazi ameomba nitolewe kwenye mtihani wa mwaka huu, nirudishwe kidato cha tatu. Ina kidole chako, Mama.” Alisema polepole, kama mtu anayenifungulia mlango. “Walikusomea?”

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema neno moja tu, hapana, na mtoto wangu angejua kwamba tulikuwa wawili tuliofanyiwa hila. Lakini Mama Chege alikuwa ameacha kuchambua. Alinitazama kwa ile huruma yake ambayo angeitembeza kijiji kizima kabla jua halijatua: Njeri amedanganywa kama mtoto, Njeri amemuuza binti yake bila kujua. Niliona ni heri niitwe katili kuliko mjinga.

“Walinisomea,” nikasema.

“Na ukakubali?”

“Si kila mkono ulizaliwa kushika kalamu.”

Hakulia. Alisema, “Sawa, Mama,” akaichukua sinia ya maharagwe yaliyochambuliwa, akayamwaga kwenye sufuria kwa niaba yangu, akaenda. Sentensi ile niliisema mimi. Usiiandike kwa maneno laini.

Nilimfuata Karanja chumba cha walimu. Alikuwa peke yake, anamalizia chai niliyompikia mwenyewe.

“Mwalimu, hukunisomea ile barua.”

“Mama Wambui, hukuuliza.”

Alisema kweli. Akaniwekea kiti, akaendelea kwa ule upole wake. “Msichana angepata E, alama ya mwisho kabisa. Unajua aibu ya E? Nimemwokoa. Akirudia mwaka mmoja, nani ajuaye?”

“E hiyo ilikuwa yake,” nikasema. “Ungemwachia.”

“Na shule je? Na mini?”

“Sketi yake nimeishusha,” nikamwambia. “Iko chini ya magoti. Mnataka nini tena?”

Akaelewa, na kwa heshima yake ninasema kwamba hakucheka. Alivuta vikombe vitano vilivyokuwa mezani, akavijaza chai sawasawa. Cha sita akakiacha kitupu. “Tukigawana chai hii watu sita,” akasema, “kila mmoja atapungukiwa. Tukikiondoa hiki kitupu, kila kikombe kimejaa. Hiyo ndiyo mini.” Lilikuwa somo zuri sana. Nilielewa mara moja, mimi ambaye sikuwahi kufundishwa hesabu, na nikajiuliza mtu anayejua kufundisha namna ile alishindwaje kutembea kutoka dirishani kwangu hadi mlango wa stoo. Kisha akaniambia kwamba usajili ulikuwa umefungwa, na kwamba vikombe vilihitaji kuoshwa. Nikaviosha. Andika hilo pia: sikuiacha kazi.

Wenzake Wambui wanane waliondolewa kwa barua kama ile, wengine kwa sahihi, wengine kwa vidole. Watatu walirudia, waliosalia wakapotelea kwenye mashamba ya kahawa na mijengo ya watu. Mama yako hakurudia. Alisema hatakaa dawati moja na watoto aliowachezesha kamba. Ulipofika mwezi wa mtihani, Karanja, kwa wema wake, aliniambia nimlete anisaidie jikoni, maana watahiniwa hupikiwa vizuri majuma hayo, wali na nyama, na viazi vya kumenya ni vingi. Wambui angeweza kukataa. Nilimwambia aje, akaja, kwa ile sketi ndefu, kwa sababu hakuwa na nyingine nzuri. Shule yote ilikuwa kimya siku hizo, hata ndege walifukuzwa kwenye mabati, na ule ukuta wa stoo ulikuwa kimya kwa namna yake, kwa vile hapakuwa tena na mtu wa kucheka ndani.

Siku ya karatasi ya hesabu walitoka saa sita wakiwa na njaa. Kijana mmoja, Mwangi, aliyewahi kugawana naye kile kitabu cha hesabu kabla wale tisa hawajatengwa, aliinua sahani yake na kusema bila ubaya wowote, “Wambui, lile swali la kugawa shamba lilikuwa rahisi! Hata wewe ungelijibu.”

“Lilisemaje?” akauliza.

Akamsomea kutoka kichwani. Mama yako aliweka kisu chini, akaigeukia sufuria kubwa iliyokuwa imeegemezwa ukutani, akaandika kwa kidole kwenye masizi yake, mstari chini ya mstari, hadi karibu na ukingo. Mwangi alisogea na mdomo uliojaa wali. Akatafuna polepole, akaacha. “Ndiyo hiyo,” akasema. “Ndiyo hiyo hiyo.” Kisha akasema, “Mimi nilikosea hapa katikati,” akaenda kula na wenzake. Mama yako akaendelea kumenya viazi. Nilibaki nikiyaangalia yale maandishi, meupe kwenye weusi, nisijue hata yalikoanzia. Asubuhi yake niliisugua sufuria kwa mchanga, kwa sababu ilihitajika.

Matokeo yalipotoka, mini ilikuwa imepanda. Walimu waliimba kutoka ofisini hadi langoni, wakambeba Karanja mabegani, kiatu kimoja kikamvuka. Mwaka uliofuata alipewa shule kubwa zaidi. Palichinjwa mbuzi, na mbuzi huyo nilimpika mimi. Sikutema mate ndani yake. Ninyi mliosoma mngependa niseme kwamba nilitema, sikutema. Nilitia chumvi ya kutosha na dania, na walimu wakasema haijapata kupikwa nyama kama ile.

Mama yako amekata mananasi katika kiwanda cha hapa Thika tangu kabla hujazaliwa. Unaijua mikono yake. Hujui kwamba asidi ya mananasi imekula michirizi yote ya vidole vyake. Mwaka juzi tulipokwenda kusajiliwa katika ile ofisi ya serikali, mashine ilikubali gumba langu mara moja, lakini la kwake ililikataa mara tano. Kijana wa mashine akamwambia, “Mathe, kwani huna vidole?” Wambui akacheka, akanigeukia, akasema, “Mama, chako kilikuwa kizuri siku zote.” Ni mara hiyo moja tu, katika maisha yetu yote, aliposema jambo lolote kuhusu ile barua. Nilipomwambia kwamba Karanja amekufa alisema ana zamu ya Jumamosi. Hakuwa na zamu.

Nawe sasa uko kidato cha nne, katika shule isiyo na maabara, na mwezi uliopita umeniletea karatasi ya shule niitie kidole. Ukanisomea bila kuombwa, hadi mwisho. Nikakuambia soma tena, ukasoma tena, ukanung'unika kwamba Shosho ni mkali. Ndiyo. Ukali huo ungenifaa zaidi mwaka ule, mbele ya karani mwenye kucha za rangi.

Basi sikia cha kutunza. Ile karatasi ya mazishi yenye picha ya Karanja, washia jiko. Ndani ya sanduku la mbao, chini ya shuka langu la harusi, kuna sketi ya buluu. Itunze hiyo. Usiifue na usiipige pasi, ule mstari wa pindo usije ukafutika, na usikubali mtu yeyote aifupishe. Jumapili mama yako akiwa amepumzika mpe aishike, umsomee haya. Mimi nitakuwa kanisani hadi ibada ya pili iishe. Anadhani nilimrefushia sketi kwa kumwonea haya. Msomee polepole mahali pa mini, na akicheka, mwache acheke. Ukifika pale niliposema walinisomea, simama. Mwambie Shosho anasema hivi: hawakunisomea. Usiongeze neno la kunitetea.

Sasa nisomee yote uliyoandika, tangu jina la baba yangu, bila kuruka. Ukimaliza, nipake wino wa kalamu yako kwenye gumba hili.